Bei za midoli ya Star Wars ya Kenner eBay zinanichanganya, nyie mnazifuatiliaje?

MzeeWaKaboksi:
Wakuu habari za jioni. Niko Columbus, Ohio. Mwezi uliopita bibi mmoja hapa mtaani alikuwa anauza vitu vya gereji yake, nikabeba kaboksi la midoli ya zamani ya wahusika wa filamu za Star Wars, ile iliyotengenezwa na kampuni ya Kenner, dola 40 kaboksi zima. Vimo vidoli 23 vya inchi tatu na robo tatu, vingine vina bunduki zao vingine mikono mitupu. Nikasema nisikurupuke kuuza, kwanza nijue bei, basi kila usiku nikitoka shifti nafungua Excel naandika bei za eBay. Sasa ndo nimevurugwa kabisa, Jawa, yule kijitu cha joho, mmoja dola 18 mwingine mtu kaandika 1,400, Stormtrooper huyu 12 yule 95, na nikipiga wastani inatoka bei ambayo hakuna binadamu anainunulia. Luke nilimweka dola 110 kwa huo wastani, wiki ya pili hii watu tisa wanamfuatilia na hakuna anayegusa. Nakosea wapi? Mke wangu ameshasema kaboksi litoke gereji tupate pa kuweka matairi.

KobeMtulivu:
Mkuu kabla ya yote, hizo bei ni za vitu vilivyouzwa au vinavyouzwa? Maana mtu yeyote anaweza kuandika 1,400, hata mimi naweza kuiuza kandambili yangu 1,400. Nenda kwenye filta uchague vilivyouzwa tu, mengine yote futa. Halafu eBay pale inakuonyesha miezi mitatu tu hivi ya nyuma, kwa hiyo hiyo Excel yako sio ujinga, endelea nayo. Na kama una akaunti ya kuuza, ndani yake kuna Terapeak, kifaa cha kutafuta bei za vilivyouzwa, kinarudi nyuma mpaka miaka mitatu. Ukiona bei imepigwa mstari ujue muuzaji alikubali ofa ya chini, ile namba unayoiona sio aliyolipwa, usiiandike.

Sasa Jawa. Wale wa mwanzo kabisa mwaka 1978 walitoka na joho la plastiki, Kenner wakaona kadoli kenyewe kadogo halafu kamevaa kiplastiki, mzazi ataona kaibiwa, wakabadilisha wakaweka la kitambaa. Wa kitambaa wamejaa kila kona, wa plastiki ndo hao wa hela ndefu, na ndo wanaofojiwa kuliko wote, watu wanachukua joho la Ben Kenobi wanalikata wanamvalisha. Kwa hiyo hao wawili usiwaweke mstari mmoja, ni kama kupiga wastani wa bei ya kuku na ya ng'ombe kisa wote wanafugwa.

Ongeza safu kwenye Excel: silaha ipo au haipo, ya kwake au feki, rangi imechubuka wapi, viungo vimelegea au bado vinasimama, mguuni pameandikwa Hong Kong au Taiwan au wapi, nauli ya posta nani alilipa. Mstari usio na hayo usiuandike kabisa, hiyo sio bei, ni namba tu.

Nyakio_wa_Leeds:
Naongezea kidogo, mimi niko huku Uingereza na nimeumwa na hii kitu. Usiandike bei ya mnada ambao haujaisha! Watu wananyamaza siku sita zote halafu wanaingia sekunde kumi za mwisho, kitu ilikuwa pauni 9 unashtukia imeenda 60. Halafu mara kitu inauzwa bei ya maajabu, baada ya wiki mbili unaona ileile, picha zilezile, mikwaruzo ileile, imerudi sokoni, maana mnunuzi hakulipa ama alikuwa binamu ya muuzaji anapandisha dau. Mimi nilipanga bei yangu nikifuata moja ya hivyo, nikakaa na hiyo kitu miezi minne aki. Siku hizi nasave picha pamoja na bei. Na bei za huku usizichanganye na za Marekani, midoli ya huku mingi ilitoka kwa kampuni ya huku, Palitoy, kadi zake za kufungia midoli ni tofauti na watu wanazilipia tofauti.

Chapombe_Mstaafu:
Nyie mnahangaika na dola 18, si nimesikia kuna mdoli wa Boba Fett kauzwa nusu milioni?? Mzee kague kaboksi vizuri usije ukamtupa na matairi

KobeMtulivu:
@Chapombe ni kweli, dola 525,000 mwaka 2024 kwenye mnada wa Heritage, ila huyo hakuwahi kufika dukani. Ni sampuli ya yule wa kufyatua kombora mgongoni, Kenner walimtangaza mwaka 1979 kwamba ukituma vithibitisho vya manunuzi vinne unaletewa kwa posta, ila kwa kuwa kuna mtoto aliyepaliwa na kombora la mdoli wa kampuni nyingine akafariki, wakaogopa, waliofika kwa watoto wote kombora lilikuwa limegandishwa. Na hiyo 525,000 ina ada ya mnunuzi ndani yake, muuzaji hakupata yote. Ukiandika bei za nyumba za mnada kama Heritage au Hake's likumbuke hilo, na eBay nako wanakukata kama asilimia 13.

MzeeWaKaboksi:
Dah. Nimefuta za kutangazwa tu, za mstari, na za minada inayoendelea, Excel ilikuwa na mistari 140 imebaki 31. Jawa wangu wa kitambaa bwana. Na Luke nimemvuta ule upanga unaochomoka mkononi, ncha imevunjika, kumbe ndo maana, wote wa dola 100 na kitu niliowaandika ncha ipo. Mguuni ameandikwa 1977, hiyo haimuongezei kitu?

Halafu bunduki nimeziweka kwenye bakuli la maji kama nilivyosoma mahali, sita zimeelea mbili zimezama.

KobeMtulivu:
1977 ni mwaka wa hakimiliki tu, hata aliyetengenezwa miaka mingi baadaye anao, ukiona muuzaji anaupigia debe huo mwaka ruka. Na maji yasikudanganye, feki nyingi zinazama lakini siku hizi wanatengeneza zinazoelea pia. Zipige picha kwa karibu uzilinganishe na za kweli, angalia kingo na mng'aro, feki mara nyingi inang'aa kama pipi. Hizo mbili zilizozama weka kando, vidoli vyake uza bila silaha, useme wazi.

MzeeWaKaboksi:
Mrejesho: Luke nimemuingiza mnadani kwa kuanzia dola 5, nimeandika ncha imevunjika na picha nimeweka. Jana usiku kaishia 34, na 21 kati ya hizo zimeingia dakika ya mwisho, Nyakio ulisema. Kwenye Excel yangu wenye ncha iliyovunjika walikuwa kati ya 28 na 37. Leo naanza na Stormtrooper. Matairi bado yako nje.