Mjadala: Muuzaji wa programu akishindwa kurekebisha hitilafu yake, arudishe pesa ya msaada wa kiufundi?

MLETA MADA (Dar es Salaam)
Wakuu, tujadili hili bila kutaja kampuni ya mtu.

Mimi ni fundi wa TEHAMA kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Hati za mzigo, ankara, maelekezo ya wenye meli, vyote kwetu vinapita kwenye barua pepe. Seva ya barua pepe ni yetu, leseni ya programu yake tunalipia, na juu yake kuna mkataba wa msaada wa kila mwaka, kwa dola.

Jumatatu moja muuzaji alitoa toleo jipya, nikaliweka usiku. Asubuhi saa tatu simu zikaanza kulia. Barua tupu zinakwenda, zenye PDF zinakwama. Nikafungua foleni: barua 340, kila moja inasubiri kukaguliwa virusi, na mkaguzi mwenyewe kalala. Nikafungua tiketi, yaani ombi la msaada kwa muuzaji. Baada ya saa mbili wakajibu: washa seva upya, kisha tutumie logi (kumbukumbu za seva). Nikafanya vyote viwili. Kimya. Siku ya tatu akaja mtu mwingine, anaomba logi zilezile. Nikatuma tena, huku nimenuna. Siku ya sita naletewa taarifa kwamba tiketi imefungwa kwa kuwa mteja hajajibu.

Nilirudi kwenye foleni na nikazikuta barua zangu zote mbili humohumo, na logi zake, zinasubiri kukaguliwa virusi.

Baadaye tukaambiwa hitilafu hiyo wanaijua, itaondolewa toleo lijalo. Lini, hawasemi. Mteja wetu mmoja alikuwa ameshalipia siku nne za ziada za kontena kukaa bandarini.

Nasema iwekwe sheria: hitilafu ikiwa ni ya muuzaji na ameshindwa kuirekebisha, arudishe pesa ya msaada ya siku zote hizo. Mnasemaje?

MCHANGIAJI (Arusha)
Pole mkuu, ila na wewe. Toleo jipya unaliweka moja kwa moja kwenye seva inayofanya kazi, bila ya majaribio pembeni?

Na umeusoma mkataba? Mingi inaahidi saa za kujibu, haiahidi saa za kutatua. "Washa seva upya" ni jibu. Kwa mkataba wao wametimiza, tena kabla ya muda.

MLETA MADA
Seva ya majaribio niliomba kwenye bajeti mara mbili. Nimeambiwa seva tunayo.

MCHANGIAJI (Mombasa)
Mimi hizo danadana nimeachana nazo. Natumia programu za bure: Postfix ya kupokea na kutuma, Dovecot ya masanduku ya watu. Postfix ya Wietse Venema ipo tangu 1998, na sijawahi kumlipa mtu shilingi. Likinishinda jambo nasoma msimbo wa programu yenyewe, au nauliza wanaoutumia. Hela ya leseni mwajiri fundi wa pili.

MCHANGIAJI (Nairobi)
Ya bure nayo ina siku zake, tusidanganyane. Exim mnaijua, programu nyingine ya bure ya seva za barua pepe? Kasoro kadhaa za usalama ziliripotiwa kwa watunzaji wake Juni 2022 kupitia ZDI, mpango unaonunua taarifa za kasoro na kuzifikisha kwa wenye programu. Zikawekwa hadharani Septemba 2023, marekebisho bado. Kila upande ukasema mwenzake ndiye hakuwasiliana vizuri. Toleo la kurekebisha, 4.96.1, lilitoka Oktoba 2, siku chache tu baada ya kelele kuanza. Zaidi ya mwaka mmoja wa ukimya, kisha siku chache za kazi!

Na hapo hakuna wa kumdai chochote.

MCHANGIAJI (Mombasa)
Kweli. Lakini pia hakuna aliyenitoza kwa huo ukimya.

MCHANGIAJI (Mwanza)
Mleta mada, kilio chako ni kwamba ulikuwa peke yako. Mkumbuke Januari 1, 2022. Seva za barua pepe za Microsoft, Exchange za 2016 na 2019, zilisimamisha barua duniani kote, na kisa ni namba. Microsoft walikuwa wanaliwekea faili la kukagua virusi namba ya toleo inayotokana na tarehe: mwaka, mwezi, siku, kisha tarakimu nne. Mwaka ulipogeuka ikawa 2201010001. Nafasi waliyoitengea namba hiyo mwisho wake ni 2,147,483,647. Haikutosha, mkaguzi akaanguka, barua zikabaki kwenye foleni.

Sasa sikieni dawa yake. Wasimamizi walipewa skripti (programu fupi) ya kufuta faili za zamani na kushusha mpya, na hiyo mpya ikapewa namba 2112330001. Isomeni vizuri: Desemba 33, 2021! Nilicheka peke yangu sikukuu ile, huku nasubiri seva imalize kushusha.

Ila dawa haikuchukua wiki, tena ilikuwa mapumziko ya mwaka mpya, kwa sababu waliokwama walikuwa wengi na wakubwa. Wewe na kontena zako utafika saa ngapi kwa aliyeandika ule msimbo? Kati yako na yeye kuna watu wanne wanaosoma kutoka kwenye karatasi moja.

MCHANGIAJI (Zanzibar)
Kwenye sheria mimi nina wasiwasi. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 maelekezo mapya ya dhima ya bidhaa, na programu sasa inahesabika kuwa bidhaa. Nchi wanachama zilipewa hadi Desemba 9, 2026 kuyaingiza kwenye sheria zao. Lakini yanamlinda mtu binafsi aliyeumia au kuharibikiwa na mali yake. Kampuni iliyochelewesha mzigo haimo. Ikiwa wao na soko lao lote wameishia hapo, sisi tukiweka sheria kali zaidi peke yetu, bei ya leseni itapandishwa au tutaambiwa huduma haipo kwenye nchi yetu.

MCHANGIAJI (Dodoma)
Serikali ilijenga mfumo wake wa barua pepe kupitia eGA, Mamlaka ya Serikali Mtandao. Sisemi hauna matatizo. Ila ukikwama, unajua ofisi ya kwenda na mtu wa kukaa naye mezani.

MLETA MADA
Nimewasoma wote. Sheria naiweka kando, wa Zanzibar umenipunguza kasi.

Lakini mkataba unaisha Juni na mimi ndiye ninayeandika mapendekezo. Nitadai maneno matatu yaingizwe: "kutatua" lipewe maana na saa zake, tiketi isifungwe mpaka mteja akubali kwa simu, siyo kwa barua pepe, na orodha ya hitilafu wanazozijua tuione kabla ya kuweka toleo jipya. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Walikuwa wanajua! Mstari mmoja tu kwenye maelezo ya toleo ungeniokolea wiki nzima. Wakikataa, wa Mombasa nitakutafuta.

MCHANGIAJI (Arusha)
Na kwa sasa hati mnatumaje?

MLETA MADA
WhatsApp. Ya binafsi, kwa bando la karani.

MCHANGIAJI (Arusha)
Tiketi je?

MLETA MADA
Imefunguliwa upya. Leo kaja mtu wa tano, mpole sana. Anaomba logi.