Mrejesho: yule wa kodi ya miezi miwili, mtaa wa Umoja

Wapendwa habari zenu, ni mimi niliyeuliza hapa kama nimefutwa kazi na nadaiwa kodi ya miezi miwili, je nifunge na kuomba tu ningoje Yesu afungue mlango ama kutafuta ni kukosa imani. Asanteni sana, ata wale walionikemea.

Aliyenitumia Yohana 6, pale Yesu analisha watu elfu tano, alinifungua macho. Filipo anapiga hesabu ya dinari 200 na bado haitoshi, Andrea naye anaonyesha kijana ako na mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, na Yesu anaanza na hiyo hiyo. Sasa mimi niliangalia nyumba nikaona jiko na sufuria kubwa, nikaanza kupika chapo (chapati) za kuuza jioni pale stegi ya matatu, shilingi 20 moja, wiki ya kwanza zikabaki nyingi tukala sisi wenyewe mpaka watoto wakachoka 😂 lakini sai zinaisha kabla ya saa mbili.

Pia nilifuata ule ushauri wa kuambia kikundi cha maombi ukweli. Aki hiyo ndiyo ilikuwa ngumu, aibu! Walichanga kodi ya mwezi mmoja.

Kazi bado sijapata, na mwezi mmoja bado nadaiwa, mwenye nyumba amekubali nilipe pole pole. Kuna mtu aliniambia nipande mbegu ya elfu tano, yaani nitoe sadaka, nipate muujiza, hapo sikufuata, hizo pesa ningetoa wapi jamani. Bado naomba kila asubuhi nikikanda unga.