Naomba ushauri: umbo la Zuhura linanipotea katika darubini

Assalamu alaykum waungwana. Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Wete, Pemba, na nimewaahidi wanafunzi wangu kuwaonesha kwamba Zuhura nayo huwa hilali kama mwezi unapoandama, jambo ambalo Galileo alilishuhudia mwaka 1610.

Nina darubini ya macho mawili inayokuza mara 10. Jioni tatu nimeiegemeza kwenye ubavu wa ngalawa pale pwani, kiza kikiwa kimeshaingia, lakini kila mara naona mng'aro mweupe tu, wenye miale inayotetemeka. Nimefuta lenzi kwa kitambaa laini, nimerekebisha kila jicho peke yake, bila mafanikio. Naelewa kwamba mawingu yake mazito hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na kwamba hilali huonekana kubwa zaidi sayari inapokaribia kupita kati yetu na jua. Hata hivyo watoto wanataka kuiona kwa macho yao, na wana haki.

Je, nianze kutazama mapema, mara tu jua linapokuchwa, kabla mbingu haijawa nyeusi? Na je, kukuza mara 10 kunatosha, au niazime darubini yenye nguvu zaidi, na ya kiasi gani?