Mjadala: Je, jirani achangie gharama za kulilinda jengo lake pale mwingine anapochimba?

Imetolewa hoja katika mjadala huu kwamba mwenye jengo kuukuu anapaswa kuchangia gharama za kulikinga pale jirani yake anapochimba msingi mrefu, kwa madai kwamba jengo lililojengwa barabara halitikiswi na shimo la pembeni. Siikubali hata kidogo.

Msingi hubebwa na udongo ulio chini yake, na udongo huo nao huzuiwa na ule wa pembeni usisukumike nje. Mjini Shanghai, Juni 2009, jengo jipya la ghorofa 13, lililosimama juu ya nguzo za zege zilizozamishwa ardhini, lilianguka zima zima likalala ubavu, kwa sababu upande mmoja lilichimbwa shimo la gereji na upande wa pili ukarundikwa udongo uliotolewa. Mfanyakazi mmoja alifariki. Jengo lile halikuwa kuukuu.

Tena kuna maji, ambayo wengi wetu huyasahau. Mkandarasi anapoendesha pampu usiku na mchana ili shimo likauke, maji hupungua hata chini ya nyumba zisizopakana na kiwanja chake, udongo laini hujibana na kudidimia, na ufa wa kwanza, mwembamba kama uzi, huanzia kwenye pembe ya dirisha na kupanda kwa mshazari. Mwenye nyumba hiyo achangie nini?

Sheria ya kuta za mpakani ya mwaka 1996, inayotumika England na Wales, imelikata suala hili vizuri: anayechimba ndani ya mita 3 kutoka jengo la jirani, kwenda chini kuliko msingi wake, humwarifu kwa maandishi angalau mwezi mmoja kabla, na jirani akidai, huuimarisha msingi huo kadiri inavyohitajika kwa gharama zake mwenyewe mchimbaji. Kazi yenyewe haitaki pupa, kwani huchimbwa vipande vifupi vya takribani mita moja chini ya msingi, na kipande kinachofuatana na kingine hakiguswi mpaka zege la kwanza likomae.

Jirani ana wajibu mmoja tu ninaoukubali, nao ni kufungua mlango ili nyufa za zamani zipigwe picha kabla ya kazi kuanza, jambo linalomlinda hata mchimbaji. Wanaotaka achangie na fedha watueleze ni kwa kipimo gani atalipia kazi ambayo hakuiomba, hakuichora, wala hana mamlaka ya kuisimamisha.