Naomba ushauri: dina ya miaka 10 ya ndoa, Dar

Habari zenu wakuu, mwezi ujao mimi na mke wangu tunatimiza miaka 10 ya ndoa, tupo Dodoma na tumepanga kushuka Dar na SGR tulale siku mbili, watoto tunawaacha kwa bibi yao. Sasa usiku mmoja nataka nimtoe dina sehemu ambayo hataisahau, maana harusi yetu ilikuwa ya kuungaunga na fungate hatukwenda kabisa, na huyu mwanamke kanivumilia mengi sana.

Nimefikiria Karambezi pale Sea Cliff Masaki, unakaa juu ya bahari kabisa unasikia mawimbi. Slipway nayo naipenda kwa vile inatazama magharibi, jua linazama mnaliona. Halafu kuna Akemi, ule mgahawa unaozunguka juu ya jengo la Golden Jubilee pale mtaa wa Ohio, ila yeye anaogopa ghorofa ndefu.

Anapenda samaki na pweza, pombe hatutumii. Bajeti laki mbili na nusu kwa wawili, itatosha? Na waliowahi kwenda, wapi pametulia, mziki usiwe wa kupigiana kelele, nataka tuongee.