Betri ya taa za dagaa: asidi, seli za laptopu au LiFePO4?

MvuviKibirizi: Wakuu, giza likianza tunarudi ziwani. Nina taa nne za LED, wati 20 kila moja, zinawaka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Betri yangu ya asidi, volti 12, Ah (ampea-saa) 100, inakata usiku wa manane, dagaa ndio kwanza wanakusanyika. Fundi mmoja anataka kuniungia seli za laptopu, mwingine anasema ninunue LiFePO4, ile lithiamu ya chuma na fosfeti. Ipi inafaa mtumbwini, ambako petroli ya injini iko hapo hapo?

FundiSolaUjiji: Mkuu, piga hesabu kwanza. Wati 80 kwa saa 10 ni Wh (wati-saa) 800. Betri yako, volti 12 mara Ah 100, ina Wh 1,200, ila ya asidi ukitaka idumu usivuke nusu, yaani Wh 600. LiFePO4 ya Ah 100 ina volti 12.8, sawa na Wh 1,280. Tumia asilimia 80, bado unavuka Wh 1,000. Tena ni nyepesi, chini ya nusu ya uzito wa asidi, na inavumilia kuchajiwa mara 2,000 na zaidi.

MamaKatonga: Bei yake je? Na tunasikia lithiamu zinalipuka. Mimi vijana wangu wako humo mtumbwini.

FundiSolaUjiji: Bei ni kubwa dada, sikufichi. Kuhusu moto, lithiamu si aina moja. Nyingi za laptopu zina kobalti au nikeli. Zikipata joto kupita kiasi zinatoa oksijeni zenyewe, kwa hiyo ukifukia mchanga moto unaendelea. Unahitaji maji mengi ya kupoza. Kwenye LiFePO4 fosfeti inaishikilia oksijeni, haiwaki kirahisi. Lakini ikitobolewa au ikichajiwa kupita kiasi hutoa moshi wenye sumu, na moshi huo unaweza kushika moto. Seli za mtumba ndizo zinanitisha zaidi: kila moja ina uchovu wake, na ile dhaifu wakati wa kuchaji inapitishwa kikomo chake cha volti 4.2 bila wewe kujua. Kando ya petroli, hapana kabisa.

Kijana_Mwanga: Na za sodiamu? CATL, kampuni ya betri ya China, walizitangaza mwaka 2021.

FundiSolaUjiji: Hazihitaji lithiamu wala kobalti, nazipenda. Ila kwa uzito ule ule zinabeba umeme kidogo kuliko lithiamu nyingi, na volti yake hupanda na kushuka sana. Chaji kontrola ya kawaida, kile kifaa kinachodhibiti chaji ya betri, haijatengenezwa kwa hilo.

MvuviKibirizi: Basi LiFePO4. Kontrola yangu ya zamani itafaa?

FundiSolaUjiji: Ikomee volti 14.4 hivi, na ile chaji ya kusawazisha ya asidi izimwe. Hakikisha betri ina BMS ndani, yaani saketi ya kulinda seli, fyuzi ikae karibu na chanya, boksi lisiingize maji. Ikivimba, usiichaji tena. Piga picha ya kibandiko cha kontrola uiweke hapa, nione kama ina mpangilio wa lithiamu.