Paka mwenye kisukari: insulini, dawa ya kunywa, au chakula kwanza?

Kongowea_11
Paka wangu dume, aliyehasiwa na mwenye umri wa miaka 11, anakonda ingawa anakula kuliko zamani, humaliza bakuli la maji kabla ya adhuhuri, na tangu wiki iliyopita anakanyagia visigino vya miguu ya nyuma badala ya vidole. Daktari wa mifugo amekuta sukari ya milimoli 24 kwa lita ya damu, akanitajia insulini, dawa mpya ya kunywa, na kubadili chakula. Waliokwisha kuuguza paka wa namna hii, ninaomba mnilinganishie.

BiShuwari
Pole sana, ndugu. Wangu ninamdunga mwaka wa pili sasa. Ninatumia insulini iitwayo glarjini, ileile ya binadamu inayouzwa katika maduka ya dawa, na daktari alituanzisha kwa yuniti 1 kila baada ya saa 12. Humsubiri ainamie chakula, nikavuta ngozi ya ubavuni ikasimama kama hema dogo, na huwa nimemaliza kabla hajainua kichwa. Kinachonitia hofu ni bomba la sindano: glarjini hiyo ina yuniti 100 kwa mililita, ilhali baadhi ya insulini za mifugo zina 40, na ukiivuta kwa bomba la 40, paka hupata dozi mara mbili na nusu. Weka asali karibu. Akianza kuyumba kwa sukari kushuka mno, mpake kwenye ufizi na umwahishe kwa daktari.

Tumbatu_Kaskazini
Paka aliyefungiwa kikapuni akapelekwa kwa gari hupandisha sukari kwa hofu tu, ndiyo maana daktari wangu alidai kipimo cha fruktosamini, kinachoonyesha wastani wa wiki mbili hivi zilizopita. Hata hivyo, kukanyagia visigino ni dalili ya neva zilizodhurika, kwa hiyo sidhani kwamba wako alitishika tu.

Mhamiaji_Minnesota
Huku Marekani beksagliflozini, ambayo ni kidonge, iliidhinishwa Desemba 2022, na velagliflozini, ya maji, Agosti 2023. Zote huzuia figo kurudisha sukari mwilini, ikatoka na mkojo. Ni mara moja kwa siku, bila sindano. Lakini angalia mpangilio: maelekezo ya hapa hayaruhusu apewe paka aliyekwisha kutumia insulini, wala asiyekula vizuri. Vilevile asidi ya ketoni, inayojaa damuni mwili unapochoma mafuta badala ya sukari, inaweza kumwua hali kipimo cha sukari kinasoma kawaida, jambo linalompumbaza mwenye paka.

BiShuwari
Basi aamue dawa ya kunywa kabla ya sindano ya kwanza, si baada yake. Mimi sikuambiwa hivyo.

Mvuvi_wa_Pangani
Chakula hakishindani na dawa, huambatana nayo. Wangu alilelewa kwa wali na mchuzi wa dagaa, nasi tulidhani tunamwenzi. Tulipoondoa wali tukabakisha samaki na kuku, pamoja na chakula cha kopo chenye wanga kidogo, sukari ilishuka kwa kasi hata daktari akapunguza insulini mara mbili, na baada ya miezi minne akaisimamisha. Usibadilishe chakula kimyakimya huku dozi ikibaki ileile.

Kongowea_11
Nimewaelewa. Kesho ninampeleka kupimwa fruktosamini na ketoni, na wali nitauondoa siku ambayo daktari atanipangia dozi. Bi Shuwari, ukisafiri, nani humdunga?

BiShuwari
Kijana wa jirani. Nilimfundisha kwa maji ya chumvi na chungwa.